Mwanga wa Kopo la Mafuta

Anatoli alivuka mpaka wa Manyovu mwaka jana, akiwa amekaa mbele ya lori tupu lililokuwa likirudi Kasulu, na jambo la kwanza alilofanya baada ya kunisalimia lilikuwa kunimulika usoni mchana kweupe. Tulikuwa kwenye mgahawa mmoja karibu na stendi, wali na samaki, migebuka, mezani, na kitu alichokishika hakikuzidi kidole gumba changu. Nilifumba macho, nikayafumbua, nikaona doa la kijani likielea juu ya sahani yangu. "Moja tu, sha!" alisema huku akicheka, akafungua kitako cha tochi ile na kudondosha betri kiganjani mwangu. "Humo ndani mna moja tu!" Dada aliyekuwa akituhudumia alitua jagi la maji ya kunawa, akauliza kama ile tochi inauzwa. Anatoli akamjibu kwa sauti ya mhubiri: "Binti, mimi na huyu mama tuliwasha taa ya namna hii kabla hujazaliwa. Ila yetu ilibebwa kwa mikono miwili." Yule dada alinitazama, mwanamke wa makamo mwenye miwani na mkoba, na niliona wazi kwamba haamini. Sikumlaumu. Siku hizi betri za lithiamu ziko kwenye simu, kwenye tochi za kuvaa kichwani, kwenye mashine za kunyolea, na hakuna anayezitazama mara mbili. Sisi tulizitazama mwaka mzima, na siku zile tukawa kama watu waliookota nyota jalalani.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nane. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kazi yangu ilikuwa kutengeneza redio Kibondo mjini, katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la Mama Zuhura. Chumba kilikuwa na dirisha moja, meza ndefu iliyochubuliwa na chuma cha kulehemu, misumari ukutani iliyotundikwa spika zilizopasuka, na ukuta wa mbao nyembamba uliotutenganisha na duka. Ukuta ule haukuzuia kitu. Harufu ya mafuta ya taa, sabuni ya mche na dagaa ilipita, na maneno yalipita yote, hata yale ya kunong'ona. Mama Zuhura alikuwa mzaliwa wa Tanga aliyeletwa na biashara, na alikuwa amekata tundu la mraba kwenye mbao zile ili atupitishie chakula bila kuzunguka uani: ugali wa muhogo, maharage, na kisamvu alichokiunga kwa karanga huku akituomba radhi kila mara kwamba nazi haijafika. "Leoka mwanangu," aliniambia, "kisamvu bila nazi ni kama harusi bila bibi harusi, lakini kuleni." Tulikula tukiwa wima, maana meza ilikuwa imejaa redio. Ng'ambo kulikuwa na vita, Burundi na Kongo, na watu wa kambi ya wakimbizi walitembea kwa miguu wakiwa na redio zilizofungwa kwa vipande vya mpira, wakisimama mlangoni mwetu na kuomba zisikike kabla ya taarifa ya habari ya jioni. Nilijifunza kufanya kazi kwa mikono huku masikio yakiwa upande wa pili wa ukuta. Baadaye tabia hiyo ndiyo iliyonilisha.

Anatoli alikuwa amenizidi miaka michache. Alikuwa amesoma shule ya ufundi Bujumbura mpaka vita vilipomtoa, na alikuja kutoka kambini kwa kibali alichokihifadhi ndani ya soksi. Globu aliiita ampuli, betri aliiita bateri, na alipofurahi alisahau Kiswahili kabisa. Yeye ndiye aliyeleta mfuko wa plastiki wenye betri tatu za kompyuta. Ofisi za misaada kambini zilikuwa na kompyuta za kubebeka, za kwanza nilizowahi kuziona, na betri zao zilipogoma zilitupwa shimoni pamoja na makopo. Anatoli alimwomba mzungu mmoja aliyeshughulikia redio za mawasiliano, naye akampa zile tatu pamoja na onyo, ambalo Anatoli alinitafsiria mara nyingi sana: zisichajiwe kupita volti nne na kidogo kila moja, zisinyonywe mpaka zikauke, zisikaribie moto. Tulipopasua ganda la ya kwanza kwa msumeno wa chuma, tulikuta ndani betri tisa za mviringo, nene kuliko kidole, zimepangwa tatu tatu kama mayai. Nilitegemea kuona kitu kimoja kikubwa kilichokufa. Kumbe ndani ya pakiti iliyokufa, walikuwamo waliokufa na wazima waliokuwa wamelala nao kitanda kimoja. Anatoli aliweka ncha za mita kwenye moja, sindano haikutikisika. Ya pili, kimya. Ya tatu, sindano iliruka, naye akaruka nayo. "Yoo! Leoka! Huyu anapumua!"

Tuliitia ile iliyopumua kwenye tochi ya Mama Zuhura, tochi ya kawaida ya mawe mawili, maana hata sisi mafundi betri za tochi tuliziita mawe kama watu wengine. Nafasi iliyobaki tuliijaza kwa kipande cha waya wa shaba. Globu iliyozoea kuwaka rangi ya kiini cha yai iliwaka nyeupe, na kivuli changu kikatua ukutani kikiwa na kope. Sikuwahi kuona kivuli chenye kope. Tukaingiwa na tamaa, tukatia mbili. Globu ilisema "pa!" na chumba kikanuka. Kichwa cha Mama Zuhura kikajaa kwenye tundu la chakula. "Mmeiua tochi yangu?" Anatoli alisimama wima kama askari. "Tumeiua, mama, lakini imekufa kifo cha kishujaa." Mama Zuhura akasema shujaa huyo angezikwa na sisi, akafunga tundu, na siku hiyo chakula kilichelewa.

Huenda tungeendelea kuua globu mpaka mwisho wa mwaka kama si mama mmoja wa kijiji cha Murungu aliyekuja dukani kununua chumvi. Jina lake Domitila. Alikuwa akimletea Mama Zuhura asali, na wawili hao walikuwa marafiki wa kuongea mpaka wateja wengine wakakohoa. Siku hiyo nilisikia sauti yake kabla sijasikia maneno. Ilikuwa sauti ya mtu aliyelala vibaya.

"Hapandi. Nimeshasema msimu huu hapandi."

"Na yeye anasemaje?" aliuliza Mama Zuhura.

"Anasema mguu umepona. Mguu! Mimi nilimkuta chini ya mti kama gunia la muhogo, hasemi, hatikisiki. Nikajua nimeshakuwa mjane. Halafu anafumbua jicho moja, ananiuliza, asali imemwagika?"

Mama Zuhura alicheka, akajizuia. "Nisamehe, shoga. Lakini huyo mumeo!"

Mumewe alikuwa Mzee Bitama, na kwa maneno waliyoyasema nikiwa nimeshika chuma cha moto hewani bila kulehemu chochote, nililielewa jambo lote. Nyuki wa kule ni wakali mchana, kwa hiyo warinaji hupanda giza likishaingia. Mkononi huwa na mwenge wa nyasi, unaotoa moshi mwingi na mwanga wa kuonyesha kucha tu. Katika ukoo wa Bitama, mwenye kamba ya kupandia ndiye anayegawa asali chini ya mti, mbele ya ndugu na majirani. Yeye ndiye anayesema sega hili la nani na lile la nani. Mtu akishamkabidhi mwenzake kamba, hairudi mkononi mwake tena. Bitama alikuwa ameishika tangu ujana. Sasa mdogo wake, Gwimo, alikuwa ameiomba, kwa heshima zote, na wazee walikuwa wanangoja jibu la Domitila zaidi ya la Bitama mwenyewe.

"Akiitoa ile kamba," Domitila alisema, "atakaa uani kama kuku mwenye kideri. Namjua. Asipopanda huzuni itamuua, akipanda mti utamuua. Nichague kipi?"

"Mtafutie taa."

"Taa gani? Kandili? Tochi ya mawe mawili haivuki tawi la kwanza! Nipe mwanga niuone mguu wake mpaka juu kabisa, na niushike mimi, kwa mkono wangu. Hapo apande. Ukikosekana, Gwimo achukue kamba, tuzeeke."

Upande wetu, Anatoli alikuwa ameshaacha kazi. Alikuwa ameinama chini ya meza, anahesabu betri kwa vidole. Aliponyanyua kichwa, alisema kwa sauti ya chini neno moja tu: "Pikipiki."

Nilimwelewa baada ya kufikiri kidogo, na mpaka leo naona lilikuwa wazo zuri kuliko yote niliyowahi kuyasikia katika chumba chochote. Betri tatu za aina ile, zikifuatana, zilitoa karibu volti kumi na mbili. Taa ya mbele ya pikipiki inataka volti kumi na mbili. Kwa nini tuendelee kuunguza globu za tochi wakati kulikuwa na globu inayolingana na nguvu tuliyonayo? Tulipima zote kutoka pakiti zote tatu, tukachagua tisa zilizoshika chaji vizuri, tukazipanga safu tatu za tatu tatu. Kwa fundi pikipiki wa sokoni tulipata taa iliyopasuka pembeni lakini sahani yake ya ndani ilikuwa inang'aa bado. Kopo la kuvitia vyote hivyo lilikuwa la mafuta ya kula, yale ya mgao wa kambini, ambayo wakati ule yalikuwa kila mahali: watu walitengenezea vibatari, mageti, hata milango. Swichi ilikuwa ya ukutani, ya nyumba. Kitu kizima kilikuwa na sura ya mnyama aliyeumbwa na kamati.

Kuchaji ndiko kulikotupa raha kuliko yote. Mama Zuhura alikuwa na betri ya gari iliyowasha taa za duka, na kila ilipochoka ilipelekwa kuchajiwa kwenye jenereta ya mashine ya kusaga. Anatoli aligundua kwamba betri ya gari iliyoshiba, ikishatoka kwenye jenereta na kupumzika, ina volti zilezile hasa ambazo betri zetu tatu zinaweza kubeba bila kudhurika. Lakini ikiwa bado inachajiwa, volti zinapanda, nazo ndizo za hatari. Kwa hiyo tulingoja irudi, itulie, ndipo tunaunganisha, na katikati ya waya tunaweka globu ndogo ya kupunguza kasi. Globu ile iliwaka mwanzoni kwa nguvu, kisha ikafifia polepole kadiri betri zetu zilivyojaa, mpaka ikabaki uzi mwekundu, mpaka ikazimika. Tuliketi tukiitazama kama watu wanaotazama chungu jikoni. Kwa mara ya kwanza nilikuwa naona shibe ya betri kwa macho. "Bon," Anatoli alisema ilipozimika mara ya kwanza, "wamekula, wamefuta midomo."

Tuliiwasha uani jioni moja baada ya mvua. Nilishika kopo, Anatoli akabonyeza swichi, na ukuta wa jirani ukaja mbele kama uliosukumwa. Tukainua mwanga, ukapita juu ya mabati, ukagusa miti ya upande wa pili wa bonde, na tuliona majani. Majani, si giza lenye umbo la mti! Watoto walipiga kelele. Mzee mmoja aliyekuwa akipita barabarani alivua kofia, sijui kwa nini. Kisha kumbikumbi wakaja, maana mvua ilikuwa imewatoa ardhini, wakaja mamia kwa mamia na kuanguka ndani ya mwanga wetu kama theluji inayosimuliwa vitabuni, na majirani wakatoka na masufuria. Mama Zuhura alikuwa na msimamo kuhusu wadudu. Alisema kwao hawali kitu chenye mabawa kisichotaga mayai ya kukaanga. Lakini Domitila, aliyekuwa ameitwa kuja kushuhudia, aliwakaanga wachache na chumvi na kumpa kwenye kisosi. Nilimwona Mama Zuhura akigeukia ukuta. Aliporudi, kisosi kilikuwa kitupu. "Nimewamwaga," alisema huku akifuta midomo.

Domitila hakucheka na wenzake usiku ule ulipoanza kuingia. Alichukua kopo kutoka mikononi mwangu, akaelekeza mwanga juu ya mti usiokuwapo, akaupandisha hewani taratibu, kama anayefuata mtu. "Ni mzito," alisema. Kisha: "Nitauweza."

Tuliupeleka mwanga wetu Murungu kwa baiskeli. Mzee Bitama alikuwa mwembamba, mrefu, anayechechemea kidogo na kukana kwamba anachechemea. Alituonyesha mti wenyewe, mtundu mkubwa uliokuwa na mizinga juu kabisa, na jioni tulipoumulika kutoka chini, mwanga ulifika kwenye mizinga na kupita. Tulijisikia wakubwa. Mzee Bitama alitikisa kichwa. "Mwidiwe, wageni," alisema kwa upole, kana kwamba anatusalimia upya ili atusahihishe vizuri. "Mnataka kuniachia mke au mnataka kumuua? Nyuki wakitibuliwa gizani wanaufuata mwanga mweupe. Watamjaa huyu usoni. Makaa ndiyo hawayafuati." Akaingia ndani, akatoka na kipande cha kitambaa chekundu, akakifunga juu ya kioo. Mti ukawa mwekundu wote, shina na matawi, kana kwamba mtu amewasha jiko ndani yake. Mwanga ulipungua sana, lakini mguu wa mtu ungeonekana mpaka juu. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba nguvu yetu yote, ambayo mjini tulikuwa tukijivunia kama ziada, kule ilikuwa ndiyo kiasi chenyewe, bila tone la ziada. Gwimo naye alikuwepo. Aliutazama mti mwekundu kwa muda, akamwambia kaka yake, "Basi panda, mkubwa. Sitaki kamba ya mtu anayeweza kupanda." Domitila akasema, "Bado. Nimesema mpaka juu, na mpaka chini. Ukizimika katikati, kamba ni yako, shemeji." Nao ndugu wote wawili wakakubali, "Ego."

Tuliwaachia lile kopo ili Domitila azoee uzito. Anatoli aliwapa maelekezo yote: lisinyeshewe, lisikaribie mafiga, mwanga ukianza kuwa wa njano lizimwe na kuletwa Kibondo. Waliyafuata kwa siku kadhaa. Lakini kila jioni majirani walikuja kuomba wauone mti, halafu waione milima, halafu wamwone ng'ombe wa fulani aliye ng'ambo ya kijito, na kopo likachoka. Sasa, kwetu kila mtu anajua cha kufanya na mawe yaliyochoka. Unayaanika juu ya bati yashike jua. Yakikataa, unayatoboa kwa msumari na kutia maji ya chumvi, yanakupa siku mbili tatu za redio. Nimeyafanya mwenyewe tangu utotoni, na sidhani kuna nyumba Kibondo au Kasulu ambayo haikuwahi kuwa na safu ya mawe juu ya paa. Mzee Bitama hakutaka kutusumbua kwa safari. Aliyaanika mchana kutwa. Jioni alichukua msumari.

Alifika dukani kesho yake na kopo limefungwa kwa majani ya migomba nyuma ya baiskeli, na suruali yake ikiwa na tundu kubwa lililoungua juu ya goti. Mama Zuhura alimwona kwanza. Tulisikia, "Subhanallah, mzee, umepigana na nini?" tukatoka mbio.

"Wanangu," alisema Mzee Bitama, "mimi nimetoboa mawe maisha yangu yote. Hakuna lililowahi kunijibu."

"Umetoboa?" Anatoli alishika kichwa. Nilidhani atalia. Badala yake macho yalimwaka. "Lilifanyaje? Lilipiga kelele? Moshi wa rangi gani?"

"Lilipiga mluzi. Kama nyoka mwenye hasira. Moshi mweupe, halafu moto, halafu likaruka! Nikalikokota kwa jembe mpaka uwanjani, nikawatenga wenzake. Kuku hawajarudi bandani mpaka sasa."

"Na mama?"

"Huyo," Mzee Bitama alisema, akaiangalia suruali yake, "naye hajarudi kuongea na mimi."

Urinaji ulikuwa umeshapangwa, maana mvua zilikuwa zimekata na masega yalikuwa yamejaa. Tulifungua kopo mezani. Tuliyoyapima yalitupunguzia kelele. Moja lilikuwa limekwisha kabisa, mawili jirani yake yalikuwa yameungua, na mengine sita yalikuwa yamenyonywa mno, yamebakiza kidogo kukauka. Akiba hatukuwa nayo. Zilizobaki kutoka pakiti nyingine zilikuwa zile ambazo hazikutikisa sindano. Tulizichaji zile sita taratibu kuliko kawaida, tukizigusa kwa mgongo wa kiganja kila mara kama unavyomgusa mtoto mwenye homa, na zote sita zikakubali. Sita, mbili mbili, zingewasha taa ileile kwa ukali uleule. Lakini zingechoka mapema. Anatoli alipiga hesabu, akapiga tena, akaniambia niseme mimi kwa sababu mimi ni mtu wa kwao.

Kwa hiyo jioni ya kurina, tukiwa tumesimama chini ya mtundu ule, ndoo zimepangwa, ndugu wamekaa mbali kidogo kwenye magogo, mwenge wa nyasi umeshaanza kutoa moshi, nilimwambia Domitila ukweli: mwanga ungetosha njia moja, pengine na kidogo. Usingetosha kwenda na kurudi. Nilitegemea aseme basi. Gwimo alitegemea hivyo pia, maana alisimama. Domitila aliweka kopo chini, akamgeukia mumewe, ambaye alikuwa hajasemeshwa tangu habari ya msumari.

"Ulianguka ukipanda au ukishuka?"

"Kushuka."

"Kwa nini?"

Mzee Bitama alifikiri kweli. "Kupanda, mikono inatangulia. Mikono inaona. Kushuka, miguu inatangulia, na mimi miguu yangu sijawahi kuiona nikiwa kule juu."

Domitila aliliokota kopo. Yeye ndiye aliyetaka kuuona kila unyayo, mpaka juu na mpaka chini. Sharti lilikuwa lake, na mbele ya wote wale angeweza kulishikilia bila mtu kumlaumu. "Panda gizani," alisema mwisho. "Ukifika, niambie unachokishika. Usinyamaze hata kidogo. Ukinyamaza, nakuja huko huko."

Nimeshuhudia mambo mengi tangu hapo kwa ajili ya kazi yangu ya habari, mikutano na mafuriko na watu wakishangilia matokeo, lakini sijawahi kusikiliza kama nilivyosikiliza wakati ule. Tuliona cheche za mwenge zikipanda, na sauti ikishuka kutoka juu yake. "Tawi la kwanza." "Gome limeoza hapa, nalipita." "Hapa ndipo nilipoanguka." "Nyamaza na hilo!" Domitila alipaza sauti. "Umesema nisinyamaze!" Watu kwenye magogo wakacheka, wakanyamazishana. Kisha tulisikia mvumo wa nyuki, mzito, kama mashine ya kusaga iliyo mbali, na ndoo ya kwanza ikashuka kwa kamba, na ya pili, na harufu ya asali na moshi ikatufikia. Domitila hakutazama ndoo. Alikuwa amelikumbatia kopo kifuani, kidole kwenye swichi. Sauti ikaja: "Nimemaliza. Nageuka."

Akabonyeza. Mti ukawaka wekundu wake, na juu kabisa, palipokuwa na sauti tu, palikuwa na mtu. Aliangalia chini. Naapa aliiangalia miguu yake, wa kulia, wa kushoto, kama mtu anayetambulishwa kwa jamaa zake wapya. "Kumbe hiki ndicho kitawi kinachonisumbua!" alipiga kelele. "Shuka!" "Nashuka, lakini kumbe ni hiki!" Mwanga ulimfuata, unyayo kwa unyayo, haukumtangulia na haukuchelewa, na Domitila hakulishusha lile kopo ingawa nilijua uzito wake. Alipofika kwenye tawi la kwanza, hakuna aliyepumua. Alipogusa ardhi, Gwimo ndiye aliyemfungua kamba kiunoni, akaikunja vizuri, akamrudishia mkononi.

Kelele zilizofuata sikuzielewa zote, zilikuwa za Kiha cha mbiombio na kila mtu alisema kwa wakati mmoja. Mzee Bitama alianza kugawa. Aliita majina, akavunja masega, akatania, akamnyima mmoja na kisha akampa. Alipotaka kumpa Domitila sega lake hakumwona karibu. Alikuwa bado amesimama palepale na kopo limewashwa. Sasa alikuwa anaumulika mti, bila mtu juu yake. Alianza kwenye shina, akapanda mpaka tawi la kwanza, akatulia hapo. Akaenda kwenye gome lililooza. Akapanda hadi mahali alipoambiwa ndipo alipoanguka, akakaa hapo muda mrefu, kisha akaendelea juu, polepole, mpaka kwenye mizinga. Walikuwa wameoana tangu ujana, na asali ya mti ule ilikuwa imesomesha watoto wao, lakini hakuwahi hata siku moja kuona mumewe alikokuwa anakwenda.

Wekundu ulianza kufifia, ukawa rangi ya kutu. Anatoli alikuwa pembeni yangu. Betri zikinyonywa mpaka mwisho haziamki tena, tulilijua hilo wote wawili, na hatukuwa na nyingine. Nilimsikia akivuta pumzi ili amwambie azime. Nikamkanyaga mguu.